Nimuulize Tena Baada ya Muda Gani

Mama yangu husema nilizaliwa nikimhoji mkunga. Sijui kama ni kweli, lakini najua kwamba nikipewa kitu chenye namba ndani yake situlii mpaka nijue nani kaziweka zile namba na kwa nini. Ndiyo maana ile programu ya kadi ilinikosesha raha.

Ilikuwa ya Dada. Namwita Dada kwa sababu siku niliyoingia nyumbani kwake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos mjini Maskati, nilimwita Madamu, akaniambia nyumba ile haina Madamu. Anafanya kazi ofisini Qurum, na mwaka ule alikuwa anasomea mtihani wa kazini kwake. Kila asubuhi, akisubiri chai ipoe, alikuwa anagusagusa simu. Swali linatokea, anafikiri, anageuza kadi, anaona jibu, halafu anabonyeza kitu kimoja kati ya vinne: tena, ngumu, sawa au rahisi. Aliponikuta jikoni nakariri maneno ya Kiarabu kutoka kwenye daftari, nikiyaimba kama mtoto wa darasa la pili, alinionea huruma akaniwekea na mimi.

Maneno yakaanza kuingia. Hilo halikunishangaza sana, kwa sababu mtu akirudia kitu kitaingia tu. Nilishangazwa na tarehe. Nikijibu vizuri neno la kijiko, programu inaniambia tutaonana baada ya siku nne. Nikijibu tena vizuri, siku kumi. Neno la pazia, ambalo lilinishinda kila mara, lilikuwa linanirudia baada ya dakika kumi kama nzi. Nikajiuliza nani kaiambia kwamba kijiko kitakaa kichwani mwangu siku kumi na pazia halitamaliza hata robo saa. Nikamuuliza Dada.

"Inakisia," alisema. "Inataka ikuulize pale unapokaribia kusahau. Ikikuuliza mapema, yaani, inakupotezea wakati, bado unalo. Ikichelewa, khalas, limeshakwenda, unaanza upya."

"Sasa yenyewe inajuaje nakaribia kusahau, na mimi mwenye kichwa sijui?"

"Nenda kakaange mayai," alisema huku anacheka.

Nilikaanga mayai, lakini lile swali nililibeba siku nzima.

Kiarabu chenyewe sikuwa nimeletwa Maskati kujifunza. Nililetwa kutoka Iringa kumtunza mama yake Dada, ambaye mimi namwita Bibi. Ameshapita miaka themanini, alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kitamu mpaka changu anakicheka waziwazi. Mambo ya zamani anayo yote. Atakueleza vifungo vingapi alishona kwenye gauni la harusi ya dada yake na vilikuwa vya rangi gani. Ya leo ndiyo hayakai. Anamaliza kikombe cha chai, nakiosha, nageuka, ananiuliza kama leo tutakunywa chai au tumehama dini. Daktari alitupa jina la ugonjwa wenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaujua kwa vikombe.

Shida haikuwa chai. Shida ilikuwa miguu. Miguu ya Bibi ilikuwa imelegea, na hospitali walimpa kigari cha kutembelea, kile cha vyuma chenye magurudumu mawili mbele, unakishika kwa mikono miwili ndipo unasimama. Akikishika anatembea vizuri kabisa, mpaka chooni kutawadha, mpaka barazani kukagua maua na kuyalaumu. Lakini alikuwa hakumbuki kwamba anacho. Kila akitaka kusimama alisimama kama alivyosimama miaka sabini, mikono mitupu, na mwezi ule alianguka mara mbili. Mara ya pili alishonwa juu ya jicho. Daktari akasema safari nyingine itakuwa nyonga, na nyonga ya umri ule si ya kuchezea.

Mtoto wake wa kwanza wa kiume anakaa Qurum na huja kila Jumamosi asubuhi kunywa kahawa na mama yake. Jumamosi ile alipoziona zile nyuzi juu ya jicho, alikiweka kikombe chini kahawa haijaisha. Nalisema hili mapema ili msimwone mtu mbaya. Alikuwa ameogopa. Akasema ameshanunua kiti cha magurudumu chenye mkanda wa kiunoni.

"Atakaa, tutamfunga mkanda, na hataanguka tena," alisema.

"Nani huyo anafungwa?" Bibi akauliza. "Kafanya nini?"

Dada alitoka sebuleni akaenda kulia kwenye korido, na mimi nilisimama na sinia mkononi, nina hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuielekeza. Bibi hajawahi kutegemea mtu kwenda kutawadha. Ukimfunga mkanda, utakuwa umemnyang'anya kitu cha mwisho anachokifanya bila ruhusa ya mtu. Dada aliporudi waliongea Kiarabu, haraka, nikadaka maneno machache tu, halafu kaka yake akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. Alitoa mwezi mmoja, yaani Jumamosi nne. Mama akisimama mikono mitupu mbele yake hata mara moja, kiti kinaingia ndani.

Nikaanza na yale yanayofanywa na kila mtu. Nilibandika karatasi ukutani mbele ya kiti chake, herufi kubwa: SHIKA KIGARI. Bibi aliisoma kwa sauti, vizuri, akauliza anayeambiwa ni nani, kisha akasimama mikono mitupu kwenda kuitazama karibu. Nilimwahi kwa kiwiko. Nikajaribu kumkumbusha kila saa, "Bibi usisahau kigari," naye ananijibu "Haya mwanangu" kwa upole kabisa, kama mtu anayeitikia salamu za jirani, na baada ya hapo hakuna kinachobaki.

Jioni moja, simu ikiniuliza pazia kwa mara ya kumi na ngapi sijui, nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana. Nikatengeneza kadi ya Bibi. Upande mmoja nikaandika: Bibi, ukitaka kusimama unafanya nini kwanza? Upande wa pili: Nashika kigari. Nikamfundisha, akajibu sawasawa, nikabonyeza "sawa" kwa niaba yake. Programu ikasema tumuulize kesho.

Kesho yake Bibi alinitazama kama nimemuuliza bei ya ndege. Nikabonyeza "tena". Dakika kumi, ikasema programu. Baada ya dakika kumi hakuwa nalo vilevile. Nilibonyeza "tena" mara nyingi siku ile mpaka simu ikanionea aibu. Nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda changu, ndipo nikaelewa ujinga wangu: zile namba zilikuwa za kichwa kama changu. Zilikisia kwa kuangalia watu wanaosahau kwa siku. Bibi anasahau kwa dakika, na za kwake hakuna aliyewahi kuzipima. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na hamu kupambazuke.

Asubuhi nikamkalisha Bibi kwenye meza ya jikoni tukachagua mchele. Mchele wenyewe ni wa supamaketi, umefungwa kwenye mfuko wake, hauna hata jiwe moja, lakini Bibi haamini mchele ambao haujapita mkononi mwake. Kigari nikakiweka mbele yake, na mimi nikakaa ninapoiona saa ya jiko la umeme.

"Bibi, ukitaka kusimama unashika kigari kwanza. Ukitaka kusimama unafanya nini kwanza?"

"Nnashika kigari."

Nusu dakika baadaye nikamuuliza tena. Nnashika kigari. Tukaongea habari za gauni la harusi, nikampa dakika nzima, nikauliza. Analo. Dakika mbili, analo. Dakika nne alinyanyua macho juu kidogo, kama anatafuta kitu kwenye rafu, akakishusha: nnashika kigari. Nikampa nane.

"Ukitaka kusimama unafanya nini kwanza, Bibi?"

"Nnasema Bismillahi," alijibu.

Sikuweza kumwambia amekosea, maana hakukosea. Nikasema ndiyo, Bismillahi, na unashika kigari, hebu nitajie. Akanitajia. Hapo nikajiwekea sharti: akikosa, nisimwache abahatishe hata kidogo, kwa sababu kile atakachobahatisha ndicho kitakachokaa. Nimpe jibu palepale, alitamke, halafu nirudi kwenye muda wa mwisho alioshinda. Kwa hiyo tukarudi dakika nne, tukapanda sita, tukajaribu nane tena. Mchele wa watu watano tuliuchagua asubuhi nzima.

Nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari la Kiarabu, upande wa nyuma. Siku ya tatu niligundua jambo lililonifanya nisimame katikati ya jikoni na mwiko mkononi. Asubuhi ile, kabla sijamfundisha chochote, nilimuuliza tu kwa kujaribu, na macho yake yakapanda juu, yakakaa, yakashuka na jibu. Nikamuuliza kama anakumbuka nilimuuliza jana. Akasema jana hajaniona kabisa, na kwamba nionyeshe adabu, wageni hawawahoji wenyeji. Hakukumbuka kwamba tulisoma. Alikumbuka tulichosoma. Mpaka leo sijui vitu hivyo viwili vinaachania wapi ndani ya kichwa cha mtu, na nimemuuliza kila daktari aliyekubali kunisikiliza.

Nikajifunza pia sura ya muda unaofaa. Akijibu kabla sijamaliza swali, nimewahi, na hapo hukereka. Akinitazama kwa macho yaliyotulia, nimechelewa, hakuna kinachotafutwa. Muda mzuri ni ule ambao macho yanapanda juu na kukawia. Nikiliona lile kawio najua tumefika ukingoni mwa kusahau na bado hatujaanguka, na muda unaofuata naweza kuurefusha mara mbili. Programu ya Dada ilikuwa inalitafuta jambo hilohilo kwa hesabu. Mimi nililiona usoni mwa mtu.

Tulipovuka nusu saa, saa ya jiko ikawa haitoshi. Nina nguo za kupiga pasi, nina samaki wa kupaa, nasahau mwenyewe kumuuliza anayesahau. Ndipo nikaona kwamba mtaa wenyewe una saa. Mimi ni Mkristo, lakini ukiishi Maskati adhana inakupangia siku upende usipende, nami nilikuwa nimeshazoea kuitumia kwa mambo ya jiko: wali uive kabla ya Adhuhuri, chai itengwe Alasiri. Nikachukua daftari nikapima. Ilikuwa majira ya baridi. Kutoka Magharibi hadi Isha ni kama saa moja na robo. Alasiri hadi Magharibi, saa mbili na nusu hivi. Adhuhuri hadi Alasiri, zaidi kidogo ya saa tatu. Alfajiri hadi Adhuhuri, karibu saa saba. Isha hadi Alfajiri, saa kumi na kitu. Ukizipanga hivyo ni ngazi kabisa, kila kidato kirefu kuliko cha nyuma yake. Niliitazama ile karatasi kwa furaha ya mtu aliyeokota pete.

Basi nikawa namuuliza kwa adhana. Muadhini akianza tu, popote nilipo, nakwenda kwa Bibi: ukitaka kusimama unafanya nini kwanza? Tulianza na Magharibi na Isha, akashinda. Tukaongeza Alasiri, akashinda. Wiki ya pili inakwisha, Bibi anajibu adhana zote tano, na ile ya Alfajiri baada ya usingizi wa usiku mzima. Nilijivuna. Nilimwambia Dada aache wasiwasi, Jumamosi kaka yake ataona maajabu.

Jumamosi ya pili kaka yake akaja, akanywa kahawa, akala tende mbili, akamwinamia mama yake. Ilikuwa kama saa nne na nusu asubuhi.

"Mama, ukitaka kusimama unafanya nini kwanza?"

Bibi alimtazama kwa huruma. "Nnasimama, mwanangu. Kwani wewe unafanyaje?"

Nikauliza mimi mwenyewe, kwa maneno yaleyale, naye akanijibu vilevile, anasimama, tena akaongeza kwamba siku hizi watu wanauliza mambo ya ajabu. Kaka hakunicheka. Ingekuwa nafuu angenicheka. Alizungumza na Dada mambo mengine, mpaka msikiti wa karibu ukaadhini Adhuhuri. Neno la kwanza tu la adhana, na Bibi, ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama, akanyoosha mikono miwili mbele yake hewani na kusema kwa sauti safi:

"Nnashika kigari."

Sote tulimtazama. Muadhini akaendelea, Bibi akatulia, midomo ikimcheza taratibu, mikono akairudisha mapajani.

"Umemfundisha kuitikia adhana," kaka akaniambia.

Nilitamani sakafu inimeze. Siku zote zile nilidhani nampa Bibi muda, kumbe nilikuwa nampa kengele. Kwa kuwa sikuwahi kumuuliza nje ya adhana, jibu lake lilikuwa limejificha ndani ya adhana, na nje ya hapo halikuwepo. Na hilo halikuwa baya zaidi. Adhana ina maneno yake ambayo mtu huyaitikia, Bibi ameyaitikia maisha yake yote, na mimi Mkristo wa Iringa nimekuja kumwekea kigari katikati. Kaka alipokwenda msikitini nilimfuata Dada jikoni nikamwomba radhi, na machozi yalinitoka kweli.

"La, la, hujamvurugia kitu," Dada alisema. "Nimesikia, yote ameitikia baada ya hapo. Lakini kitoe pale ulipokiweka, tafadhali. Na zimebaki wiki mbili."

Usiku ule sikufungua simu kabisa. Nilikuwa nawaza: Bibi haanguki kwa adhana. Anaanguka saa nne asubuhi akikumbuka kwamba maua yana kiu. Anaanguka pale mikono yake inapokamata mbao za pembeni za kiti na kifua kinakwenda mbele. Kama kuna kengele inayofaa, basi ni ileile, mbao za kiti chini ya viganja vyake, kwa sababu hawezi kusimama bila kupita hapo. Na mimi waadhini wote nimewasikiliza, ila kengele hiyo nilikuwa sijaisikia.

Jumapili tukaanza upya, dakika moja. Iliniuma kurudi dakika moja baada ya kufika saa kumi, lakini kitu kilikuwa kipya na sikutaka kumdanganya mtu. Safari hii sikuuliza kwa mdomo peke yake. Nilimwambia Bibi aweke mikono kwenye mbao, ainame, halafu ndipo nauliza, naye akijibu anakishika kweli, anasimama, hatua tatu, anarudi kukaa. Kila jibu liliishia miguuni. Baada ya siku mbili nikaacha maneno. Akigusa mbao, mimi nakohoa tu. Siku ya nne sikohoi.

Muda nao nikauvuruga makusudi. Kama umefika saa moja, leo naweka dakika hamsini, kesho saa na nusu, na adhana naziruka zote. Dada akawa anamsimamisha yeye akitoka kazini, ili jibu lisishike sura yangu kama lilivyoshika sauti ya muadhini. Tukahama na vyumba, jikoni, sebuleni, barazani, ukingoni mwa kitanda. Akikosa sehemu moja, tunashuka muda wa sehemu hiyo peke yake. Daftari lilijaa mishale mpaka mimi mwenyewe nikawa silisomi vizuri. Alhamisi moja, nilipomkaribia kwa mara ya tatu ndani ya nusu saa, Bibi alinitolea macho.

"Mtoto we, si ushanisimamisha!"

Nilimbusu kichwani. Alikuwa amenigombeza kwa kitu cha leo, na nilijua palepale kwamba nimewahi sana.

Jumamosi ya tatu kaka alikuwa safarini. Ya nne akaja, na nikaona kwenye buti ya gari lake, iliyobaki wazi kidogo, gurudumu jeusi limefungwa nailoni. Alikuwa amekuja na kile kiti. Dada alikiona pia. Tulikaa sote sebuleni, na nilikatazwa kusema neno, nikakaa kwenye mkeka na kuvikamata vidole vyangu.

Kahawa ikanywewa. Maneno yakazungumzwa ya watoto na shule. Bibi alikuwa anakitazama kikombe cha mwanawe, na mimi namtazama Bibi. Kikombe kilikuwa kitupu, na birika ilikuwa kwenye meza ndogo, mbali na mkono wake. Mwanamke yule hawezi kuvumilia kikombe kitupu cha mgeni, na niliona mikono yake inakwenda kwenye mbao za kiti. Kifua kikaenda mbele. Dada akanyanyuka nusu, nikamvuta nguo akae.

Bibi akasita. Macho yakapanda juu.

Nimekaa na mgonjwa wodini, nimesubiri majibu ya mtihani, nimesubiri viza. Sijawahi kusubiri kitu kwa namna ile. Macho yalikaa juu muda ambao sikuweza kuupima, kisha yakashuka, na mikono ikaziacha mbao za kiti, ikakifuata kigari, ikakishika. Akasimama. Akapiga hatua mbili, akashika birika kwa mkono mmoja na mwingine ukabaki kwenye kigari.

"Mbona mmemwacha mtu na kikombe kitupu?" alisema. "Nyumba hii haina watu?"

Mwanawe alipokea kahawa bila kumtazama usoni, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa maji. Aliinywa. Alipoaga, mlangoni, alimwambia Dada maneno mawili tu, mwache atembee, na akaondoka na gurudumu lake kwenye buti. Mimi nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikalazimika kukaa.

Miezi michache baadaye likizo yangu ikafika. Kila miaka miwili narudi nyumbani miezi miwili, na safari hii badala ya kufurahi niliogopa. Miezi miwili! Nilikuwa sijawahi kumwacha Bibi hata siku tatu bila kumjaribu. Dada aliniuliza afanye nini, nikamwandikia: wiki ya kwanza kila siku mara moja, ya pili siku moja ndiyo moja hapana, halafu mara moja kwa wiki, na akikosa arudi nyuma bila aibu. Yule mwanamke wa ofisini, mwenye mtihani wake aliokwisha kufaulu, alikipokea kikaratasi changu kwa mikono miwili. Iringa nilikuwa nampigia simu, naye ananijibu kwamba mama yuko salama, anatembea, nile ugali wangu kwa amani.

Niliporudi ilikuwa asubuhi, jua limeshawaka. Dada alinifungulia mlango tukakumbatiana. Bibi alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, kanga ya zambarau kichwani, na nilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu? Watu wako wa wapi?"

Nilimtazama machoni. Yalikuwa yametulia. Hayakupanda juu, hayakutafuta chochote. Miaka miwili ya vikombe, ya mchele, ya maji ya moto miguuni, na mimi nilikuwa mgeni aliyeingia kwa heshima. Nilikuwa najua kwamba linaweza kutokea. Kujua hakukunisaidia kitu, iliniuma kama mtoto.

"Karibu ukae," Bibi alisema, na mikono yake ikashika mbao, ikaziacha, ikashika kigari, na yeye akasimama wima ili anipishe nafasi karibu yake, haraka na kwa wepesi, bila kawio lolote. Akaniona nakitazama kigari.

"Ukitaka kusimama unashika kwanza," alinieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtu mgeni wa nyumba. "Usije ukasimama mikono mitupu, ukaanguka."

"Nani kakufundisha hayo, Bibi?"

"Hakunifunza mtu," alisema. "Haya nnayajua mwenyewe, tangu mdogo."

Nyuma yangu Dada akavuta pumzi ili amrekebishe, amtajie ni mimi. Nilimwashiria kwa mkono asiseme. Bibi akaniuliza kama nimekunywa chai, nikasema bado, akageuza kigari chake akatangulia jikoni.